Bibi Aliyekumbuka Ukame

Haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari mjini Babati. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviacha ukumbini.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma kama dagaa, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo, zamu ya tembo itafika magharibi.

Nianze na mwaka 1993. Kuna wazazi humu wanaukumbuka, nawaona wanatikisa vichwa. Mvua ziligoma. Hifadhini Tarangire malisho yalikauka, na watafiti waliokuwa wakiwafuatilia tembo wakajikuta wanahesabu mizoga. Kati ya watoto 81, walikufa 16 ndani ya miezi 9. Mwaka wa kawaida hufa kama wawili katika kila mia.

Lakini msiba ule haukugawanyika sawasawa. Tembo wale walikuwa wa koo tatu. Koo mbili zilifunga safari zikatoka nje ya hifadhi. Ukoo wa tatu ulibaki, na ndio uliofiwa zaidi: karibu theluthi mbili ya vifo vyote ni vya kwao. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa ya umri. Miongoni mwa waliohama kulikuwa na majike wazee, waliokuwa wamezaliwa tayari wakati wa ukame mkubwa wa 1958 hadi 1961. Waliuona wakiwa wadogo, wakifuata nyayo za mama zao. Ule ukoo uliobaki ulikuwa umefyekwa na majangili miaka ya 1970 na 1980. Wazee wake walishakwisha, na hakuna aliyesalia mwenye umri wa kuukumbuka ukame ule.

Nimesafiri na wageni mbugani zaidi ya miaka 20 na nimeeleza habari za tembo mpaka nimejichosha mwenyewe: uzito, urefu, anakula nini. Leo nataka niwaambie jambo moja tu. Mali ya kundi la tembo haiko kwenye meno yake, iko kichwani mwa bibi.

Maana kundi mnaloliona, lile la mama na watoto, ni ukoo wa kina mama. Kuna bibi, mabinti zake, dada zake pengine, na wajukuu. Madume wakifika miaka 12 mpaka 15 wanaanza kusukumwa nje, wanakwenda kuishi peke yao au na madume wenzao, na kurudi kwa majike ni kwa shughuli mnayoijua. Bibi ndiye anayeamua waende wapi, wanywe wapi, wakimbie au wasimame. Haamui kwa kelele. Nimekaa saa nzima kwenye gari nikitazama kundi la watu, samahani, la tembo, wamesimama kivulini hawana habari. Bibi akageuza mwili tu, akaelekeza uso kusini, akanyanyua mguu mmoja akautikisa kidogo. Dakika mbili baadaye wote wako njiani.

Sasa mtoto. Wahenga walisema tembo hashindwi na mkonga wake. Nawaheshimu wahenga, ila nadhani hawakupata kumtazama mtoto wa tembo wa wiki mbili. Amezaliwa baada ya mimba ya miezi 22, ana kilo 100 na ushee, na kile kitu kinachoning'inia usoni hajui ni cha nini. Anakikanyaga. Anakizungusha kama kamba ya kuruka. Wakifika mtoni wenzake wanavuta maji kwa mkonga na kuyamimina kinywani. Yeye anapiga magoti anakunywa kwa mdomo, kama mbuzi. Humchukua miezi mpaka aumudu, na hana kosa. Mkonga hauna mfupa hata mmoja. Ni misuli mitupu, makumi ya maelfu ya vifungu vya misuli, na nchani, kwa tembo wetu wa Afrika, kuna vidole viwili vya kubania. Tembo wa Asia ana kimoja. Kwa chombo hichohicho mama anavunja tawi nene kama paja langu, kisha anaokota ganda moja la mgunga lililoanguka mchangani.

Akinyonya, anaukunja mkonga juu ya paji la uso asije akajizuia mwenyewe. Na matiti ya tembo jike, kina mama, ni mawili tu, yako kifuani katikati ya miguu ya mbele, kama yenu. Mara ya kwanza nilipoyaona vizuri nilishusha darubini kwa aibu.

Mtoto mmoja hadi mwingine ni miaka minne au mitano. Na katikati hapo, mabinti wa kundi ndio mayaya. Mtoto akikwama kwenye tope hafiki mama peke yake, wanafika watatu wanne, na kila mmoja ana fujo yake. Huko ndiko binti anakojifunzia umama. Binti asiye na dada wala shangazi atajifunzia kwa nani?

Twende kwenye meno, kwa sababu meno ndiyo yanayopima umri, na ndiyo yanayoleta kifo kwa njia mbili.

Magego kwanza. Sisi meno yetu huota kutoka chini ya fizi. Ya tembo husogea kutoka nyuma ya taya kuja mbele, taratibu, na la mbele likichakaa linameguka vipande na kudondoka. Maisha yake yote ana seti sita. Ya sita ikiisha, yuko miaka 60 hivi, na hakuna nyingine. Hapo mzee anatafuta sehemu za majimaji, anakula majani laini, na mwisho anakonda akiwa amezungukwa na chakula asichoweza kukitafuna. Kwa mnyama anayehitaji kama kilo 150 za majani na magome kwa siku, gego ndiyo roho yenyewe.

Halafu yale mengine. Hapa niingilie ugomvi wa lugha. Majirani zetu Wakenya husema pembe za ndovu. Sisi kwenye nyaraka zetu tunaandika meno ya tembo. Kibaiolojia tumewashinda: ni meno, yale ya mbele ya taya la juu. Karibu theluthi yake imezama ndani ya fuvu. Ndiyo maana jangili hakati jino, anapasua uso. Tena meno hayo hayaachi kukua mpaka mwenyewe afe, kwa hiyo makubwa zaidi wanayo wazee. Mtu mwenye bunduki akitafuta kilo nyingi kwa risasi chache, anamtafuta mzee. Nani mwingine amfuate?

Tembo mzee anajua nini, basi, zaidi ya njia ya maji? Anajua watu. Pale Amboseli, hifadhi ya Kenya upande wa pili wa Mlima Kilimanjaro, kuna utafiti ulioanza mwaka 1972, na tembo wake wanajulikana mmoja mmoja kwa masikio na sura. Mwaka 2014 mtafiti Karen McComb na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya huko. Walirekodi watu wakisema sentensi moja: tazama, tazama kule, kundi la tembo linakuja. Mmaasai aliisema kwa lugha yake, Mkamba kwa yake. Kisha wakawapigia tembo kwa spika iliyofichwa. Waliposikia mwanamume wa Kimaasai, tembo walijikusanya, wakanusa hewa, wakarudi nyuma. Waliposikia Mkamba, wasiwasi ulikuwa mdogo. Sauti ya mwanamke wa Kimaasai au ya mvulana haikuwashtua hivyo. Wamaasai wa kule wamekuwa wakigombana na tembo kwenye maji na malisho, na wakati mwingine mkuki umetumika. Mwenye mkuki ni mwanamume mzima, si mama anayechota maji. Tembo wanalijua hilo. Wa kwetu hapa huenda wanakijua na Kimbugwe, na Kiiraqw pia, mchunge midomo.

Timu hiyohiyo ya watafiti iliwahi kupiga ngurumo za simba, dume na jike. Simba dume ndiye hatari kwa mtoto wa tembo, maana hata peke yake anaweza kumwangusha. Makundi yenye bibi wa miaka mingi yaliitambua ngurumo ya dume na kujipanga haraka kuliko makundi yenye kiongozi kijana. Masikio ni yaleyale, ila kiongozi kijana hajapata misiba ya kutosha ya kumfundisha tofauti.

Na wao wanaongea, ingawa sehemu kubwa ya maongezi hatuisikii. Hutoa ngurumo za chini mno, chini ya kiwango cha sikio letu, zinazosafiri kilomita kadhaa. Ukiwa karibu, wakati mwingine unazihisi kifuani kabla ya kuzisikia, kama ngoma inayopigwa nyumba ya tatu.

Vijana, najua mmefundishwa kwamba tembo ni muhimu kwa mazingira, mkaiandika kwenye mtihani, mkapata alama. Njooni niwaonyeshe. Kiangazi, sehemu za Mto Tarangire hubaki mchanga mtupu. Tembo anafika, anasimama, anaupitisha mkonga juu ya mchanga kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Akipapata, anaanza kupiga teke kwa mguu wa mbele, kisha anachota mchanga kwa mkonga, anautupa pembeni. Anachimba shimo jembamba la kadiri ya mkonga wake. Maji ya kwanza ni ya tope. Nimewaona wakiyavuta na kuyamwaga, wakisubiri yajichuje, ndipo wanywe. Watoto wanapanga foleni isiyo na nidhamu. Wakishaondoka, wanakuja ngiri, nyani, swala, kanga, nyuki. Kisima kimechimbwa, na hakuna aliyechangishwa.

Halafu kinyesi. Tumbo la tembo ni kiwanda cha zamani: analoingiza, karibu nusu linatoka halijasagwa vizuri. Vunja tonge moja kwa kijiti, kama nilivyozoea kuwafanyia wageni mpaka wakaacha kuogopa, utakuta kokwa nzima za matunda, na mende wa kinyesi wanakuja kabla hujamaliza kueleza. Mbegu hiyo imesafirishwa kilomita nyingi na imewekewa mbolea. Kule Uganda, msitu wa Kibale, kuna mti wa jamii ya mjunju wenye tunda kubwa na kokwa kubwa ambao kwa kusambaza mbegu unamtegemea tembo hasa. Tembo akitoweka, matunda yanaozea chini ya mama yao. Misitu ya Kongo nayo ina miti ya namna hiyo. Tembo wa huko ni wa aina nyingine, wadogo kidogo, meno yameelekea chini, na hali yao ni mbaya kuliko ya hawa wetu.

Sisemi tembo ni malaika. Mmeiona mibuyu ya Tarangire ilivyochubuliwa. Wakati wa kiu wanakula hadi nyama ya mti. Tembo wengi wakifungiwa mahali padogo watageuza msitu kuwa uwanja wa nyasi, na ukija ukame watakufa kwa maelfu, kama ilivyotokea Tsavo, Kenya, mwaka 1970 na 1971. Mnyama huyu aliumbwa kuvunja na kuondoka. Kuondoka ndiko tunakomnyima.

Nirudi kwa majangili kidogo. Mwaka 2009 nchi yetu ilikadiriwa kuwa na tembo kama 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta 43,000 na kidogo. Miaka mitano, walimu wa hisabati wapo, wafanyie wanafunzi hiyo kutoa. Lakini idadi inaficha kitu. Hifadhi ya Mikumi, watafiti walipima homoni za wasiwasi kwenye kinyesi cha majike, miaka mingi baada ya ujangili wa miaka ya 1980. Waliokuwa kwenye vikundi visivyo na bibi na visivyo na ndugu wa karibu walikuwa na homoni nyingi zaidi, na walizaa kidogo. Bunduki zilishanyamaza, mwili bado unazisikia.

Na isije ikaonekana nimewasahau wazee wa kiume. Afrika Kusini, mbuga ya Pilanesberg, walipelekwa tembo wadogo yatima, wakakua bila wakubwa. Madume walipobalehe, homoni zikawapanda mapema na kwa muda mrefu kuliko kawaida, wakaanza kuua vifaru. Waliua zaidi ya 40 katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 waliletwa madume sita watu wazima kutoka hifadhi ya Kruger. Mauaji yakakoma. Wazee walifika, vijana wakatulia. Naona mwalimu wa nidhamu anaandika.

Sasa nizungumze na wakulima, maana najua mnanitazama mkisema huyu anasifu mwizi. Bibi yangu mzaa mama alilima mahindi upande wa Vilima Vitatu. Usiku mmoja, mahindi yameshaanza kubeba, walikuja madume wanne. Mara nyingi waharibifu ni madume, wao ndio hujaribu bahati. Bibi alitoka na debe na mwiko, sisi wajukuu nyuma yake na vijinga vya moto. Nakumbuka sauti kuliko sura: mabua yakivunjika, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anayekula muwa barazani. Asubuhi tulikuta nyayo, na nusu eka imelala chini. Bibi akapima unyayo mmoja wa mbele kwa kamba yake ya kufungia mbuzi, akaizungusha mara mbili, akasema huyu alikuwa mrefu hivi, akanyoosha mkono juu ya paa. Kwa kweli mzunguko wa unyayo wa mbele mara mbili unakaribia urefu wa tembo begani. Sijui nani alimfundisha. Madai ya kifuta jasho yalijazwa, yakapigwa mihuri, na bibi alifariki karatasi bado ziko njiani.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mkulima avumilie. Ninachoweza kumwambia ni kwamba anapambana na mnyama anayejifunza. Debe linafanya kazi msimu mmoja, kisha wanaligundua. Tochi kali, honi, baruti za pilipili, kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili, vyote vinasaidia vikibadilishwa na vikitumiwa kwa pamoja, kijiji kizima, si mmoja mmoja. Na nyuki. Kenya, huko Sagalla karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya mmoja, hatua kama kumi baina ya mzinga na mzinga. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene lakini si machoni wala ndani ya mkonga. Lucy King, aliyeianza kazi hiyo, aligundua kwamba tembo wana hata mlio maalumu wa kuonyana kuhusu nyuki. Na mkulima anavuna asali. Uzio mwingine gani unaokulipa?

Lakini uzio ni wa shamba. Njia ni suala lingine. Kati ya Tarangire na Manyara kuna ushoroba wa Kwakuchinja, yaani mapito ya wanyama, na katikati yake imepita barabara ya lami iliyowaleta wengi wenu hapa leo. Kila mwaka pamesogea nyumba, kibanda, shamba, uzio. Ukame kama ule wa 1993 ukirudi, bibi atakumbuka njia. Atafika na kukuta duka la vifaa vya ujenzi.

Mwezi wa kumi uliopita nilikuwa narudi kutoka Arusha, saa nne usiku, nikapunguza mwendo hapo kwa sababu ya mnyama pembeni. Nikazima taa kubwa. Alikuwa jike, mifupa ya paji la uso imejitokeza, sikio la kushoto limechanika chini. Nyuma yake gizani nilihesabu migongo saba. Lori lilikuja kutoka Babati, akarudi nyuma hatua mbili, wote wakarudi hatua mbili. Lori likapita. Akanyoosha mkonga juu ya lami, chini kabisa, akanusa kulia, akanusa kushoto. Likaja basi. Akarudi tena. Nilihesabu magari kumi na moja. Baada ya la kumi na moja alikanyaga lami, akasimama katikati ya barabara akiwa ameyaelekezea masikio magari yetu mawili yaliyokuwa yamesimama, na akabaki hapo, hakusogea, mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza kuvuka.